Karatasi ya Kitindamimba

Mshonaji aliikunja karatasi kidogo karibu na sikio, akasikiliza inavyolia, kisha akapitisha kidole gumba juu yake taratibu. Akatikisa kichwa.

"Siyo hii, mzee. Hii laini mno."

Muuzaji wa vifaa vya picha alishusha pumzi. Duka lake ndilo pekee lililobaki mjini likiuza karatasi za kuchapia picha nyeusi na nyeupe, na wateja wake walikuwa wa kuhesabika. Wote walikuja kutazama kama weusi umekolea na weupe umetulia. Huyu alizibinyabinya karatasi kama anachagua kitambaa cha suruali. Muuzaji akamsamehe, maana kila mtu na mazoea ya kazi yake.

Pale dukani mtu alijaribu kwanza, akanunua baadaye. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu na mabeseni ya dawa. Muuzaji alikuwa na negativu yake moja ya majaribio, kipande cha filamu chenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani, na hiyo hiyo aliichapa kwenye kila aina ya karatasi ili mteja alinganishe. Kamba nzima ya kuanikia picha ilijaa baiskeli: za kung'aa, zilizofifia, za rangi ya chai, nyeusi tititi.

"Ungeleta negativu yako, binti yangu," alisema. "Sura ya mtu ndiyo inayoipima karatasi. Baiskeli haina mashavu."

"Tumia tu hiyo yako, mzee. Karatasi kwanza."

Mshonaji hakuwa na nafasi ya kucheka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na aliyeyafungulia ni yeye mwenyewe.

Picha ya mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa nyumba, ilikaa miaka na miaka katika mfuko wa gauni la mama. Mgodi ulimfukia kijana yule hata ndevu hazijamkolea, na mwili haukupatikana. Mama hakuwa na kaburi la kwenda kulilia. Alikuwa na picha ile. Halafu mshonaji, ambaye hapitishi nguo ya mteja chini ya mkasi kabla ya kupekua mifuko, akaliloweka gauni la mama yake bila kupekua. Alichokitoa kwenye beseni kilikuwa donge la rojo.

Akamdanganya mama kwamba picha iko kwa fundi inasafishwa. Mama akasema sawa, atakula ikirudi. Mshonaji alidhani ni maneno ya uzee, lakini sahani zilikwenda zikirudi vilevile, na mama akabaki mifupa na ngozi. Muuguzi wa mtaani alipomshika mkono, alimwita mshonaji nje na kumwambia asingoje sana.

Jaribio la kwanza la dukani alilipeleka nyumbani mbio mbio, karatasi ya kung'aa yenye mgongo wa plastiki. Mama aliishika kidogo tu, akaiacha ianguke sakafuni.

"Huyu si mwanangu," alisema. "Msinifanye mjinga." Akageukia ukuta, na tangu hapo hata maji alikuwa akiyakataa.

Ndiyo maana sasa, mbele ya kamba ile ya baiskeli, mshonaji alijishika kwenye kaunta na machozi yakamtoka bila haya. Akamwomba mzee wa watu atafute tena, kokote, karatasi ya zamani, nzito, yenye ukavu fulani, isiyo na plastiki hata chembe. Muuzaji, ambaye hakuzoea wanawake kulia dukani kwake, alipanda ngazi na kushuka na boksi lililokuwa limejaa vumbi. Zilibaki karatasi chache, alizokuwa amejiwekea mwenyewe.

"Hii imepitwa na wakati," alimwonya. "Imeingia ukungu. Sura haitaonekana vizuri."

"Haidhuru, mzee."

Muuzaji akaingia chumba cha giza, akachapa, akasuuza, akaibana karatasi kwenye kikaushio cha moto. Ilitoka imefifia kweli, kijivu juu ya kijivu, mpaka aliona aibu kumpa mteja. Mshonaji aliichukua, akaikunja kidogo sikioni, akapitisha kidole gumba.

"Ndiyo hii," alinong'ona.

Muuzaji akafurahi, akamwambia akalete negativu yake sasa, karatasi zilizobaki atamwekea. Mshonaji aliomba aondoke na hilo jaribio. Akashukuru mara nyingi kupita kiasi, akatoka akikaribia kukimbia.

Nyumbani hakupita chumbani kwa mama. Alikwenda kwenye cherehani yake, akachukua mkasi wa meno anaozuilia vitambaa visifumuke, akaipunguza karatasi kingo zote nne, ziwe za menomeno kama zilivyokuwa picha za zamani. Kisha akaikunja kona moja, ya chini kulia, akaikunjua, akaikunja tena mpaka ikalegea.

Mama alikuwa amelala chali, shuka imemfika kidevuni.

"Mama, fundi ameirudisha."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Kidole gumba kikazunguka kingo polepole, jino kwa jino, kikafika kwenye ile kona iliyolegea, kikatulia.

"Mwanangu," alisema mama. "Wamekuchelewesha." Kisha akasema anasikia njaa.

Macho yake, yenye utando mweupe wa miaka mingi, yalikuwa yameelekea darini. Akaiinua karatasi hadi midomoni, akambusu mwanawe kwenye gurudumu la mbele la baiskeli.