Mpira wa Kitako

"Mpira huu mwembamba wa kitako cha bunduki hautakusaidia, dada," fundi bunduki alisema, akitazama bega la mama lililovimba. Jana mama alimkosa chui kwa kufumba macho, akiogopa teke la bunduki. Leo chui angerudi tu, na watoto walikuwa wamejifungia nyumbani.

Fundi alishikiza mpira mnene kwenye kitako. Bega lilipata nafuu, lakini bunduki ikawa ndefu, kidole cha mama kisifike kwenye kifyatulio.

"Labda niukate mti wa kitako. Ila bunduki itakuwa fupi mno, mumeo hataiweza tena."

Mama akageuka. Mumewe, ambaye chui huyohuyo alimng'oa mkono, alikaa mlangoni mwa karakana. Bunduki hiyo ya mitutu miwili ilikuwa yake, na bado aliipaka mafuta kila asubuhi.

"Mkatie mama watoto," alisema, akatoka nje.