Mtazame Usoni

Mwalimu mkuu alimuuliza tena jina kwa Kiingereza, na mtoto akaiangalia tena sakafu.

Kidawa alijifuta jasho kwa ncha ya buibui. Mwezi mzima, kila akimsuka nywele bintiye barazani Kikwajuni, alimsomesha majibu hayo mpaka majirani wakayajua. Leo mdomo umegandishwa kwa gundi.

"Bi Kidawa," alisema yule mwalimu wa kizungu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "skuli hii ya watoto wa mabalozi ina nafasi moja tu kwa mtoto wa mjini. Huyu hanitazami. Anaficha nini?"

"Hafichi kitu, mwalimu. Ana adabu."

"Hapa adabu ni kunitazama."

Haya, na hilo pia. Kidawa alimwinamia mwanawe. "Inua uso, mama. Mtazame mwalimu machoni."

Mtoto alizidi kuinama mpaka kidevu kikagusa kifua. Jana tu alimkazia macho bibi yake, akafinywa. Juu ya kiwiko, alama ya kucha za Kidawa ilikuwa bado nyekundu, na mtoto aliifunika kwa kiganja.

"Utanifinya," alinong'ona.

Kidawa hakujua acheke au alie. Aliuondoa ule mkono mdogo, akaibusu alama, kisha akakishika kidevu kwa vidole viwili na kukiinua.

Macho yakapanda polepole, makubwa, yamejaa maji. Yakampita mwalimu bila ya kusita, yakamkazia mama yake, wala hayakupepesa.