Harufu ya Nyambizi

Mume wangu Kiyotaka alirudi nyumbani Kure, mji wa bandari Japani, kutoka baharini akinukia sabuni.

"Nyambizi mpya hii, bibie. Inakaa chini ya maji wiki nzima bila kuwasha dizeli. Hatunuki tena."

Nikamwamini, nikampakulia wali na kari.

Asubuhi nikamkuta jirani, mke wa baharia mwenzake, akianika sare huku kabana pua.

"Shoga, nyambizi mpya, uvundo uleule! Nimefua mara tatu. Mwenzangu unatumia sabuni gani?"

Nikaingia ndani, nikafungua begi la Kiyotaka. Nikazinusa sare kama mbwa. Zilinukia maua, na kola zimepigwa pasi.

Mimi sijawahi kumpigia pasi kola.

"Kiyotaka," nikaita kwa upole, "jirani anauliza, huyo anayekufulia anatumia sabuni gani?"