Fereti wa Miaka Kumi na Minne

Dokta Rukhsana, daktari wa wanyama, alifinya ngozi ya shingo ya fereti Lulu, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama hema.

"Maji yamemwisha tena mwilini," alisema. "Hii ni mara ya tatu tangu Pasaka. Anakula?"

"Anachaguachagua tu," alijibu mzee Clifford Sugden, kofia mkononi. "Sungura hataki. Kuku hataki. Mkate na maziwa ndivyo anavyovionjaonja."

Rukhsana alifumba macho kidogo. Mkate na maziwa! Fereti ni wa ukoo wa kicheche. Kazi yake ni kuingia mashimoni kufurusha sungura, chakula chake ni nyama, na tumbo lake halijui la kufanya na mkate wala maziwa ya ng'ombe. Huvihara vyote, na maji ya mwili hutoka navyo. Lakini nenda kawaambie hayo wazee wa migodi ya Yorkshire. Baba zao waliwalisha fereti mkate uliolowekwa kwenye maziwa, babu zao vilevile, na kwa kuwa baba na babu hawakosei, basi wenye makosa ni fereti wanaokufa.

"Mzee Clifford, nimekuomba mara ngapi? Huo mkate ndio unaomuua."

"Unamuua!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Haya, binti, niambie. Lulu ana miaka mingapi?"

"Umeniambia kumi na minne."

"Na vitabu vyako vinasema fereti anaishi mingapi?"

"Saba. Minane akibahatika."

"Basi vitabu vyako navyo vipewe maziwa!"

Mkewe, Bi Mavis, alikuwa kwenye kiti cha pembeni, kikapu cha Lulu magotini. Yeye hakucheka.

Rukhsana alimfungua Lulu mdomo kwa kidole gumba, akaangalia. Meno yalikuwa meupe, makali, hayajalika hata kidogo. Kwa fereti mwingine yeyote angesema ni wa miaka miwili, au mitatu. Akayaangalia tena.

"Umeyaona, eh?" Clifford alimchungulia begani. "Meno ya kigoli! Hayo ni maziwa, binti. Maziwa matupu."

Kilichomkera Rukhsana hasa kilikuwa Jumamosi. Siku hiyo, kwenye maonyesho ya wafuga fereti wa bonde zima, Clifford angepewa kikombe cha mwenye fereti mzee kuliko wote, kisha apande jukwaani kueleza siri yake. Wanaume sabini wangemsikiliza, bia mkononi, na kufikia Jumapili asubuhi kila banda lingekuwa na bakuli la mkate na maziwa. Rukhsana alikuwa amepigana na bakuli hilo miaka minne, banda kwa banda. Fereti wangapi wangeuawa na hotuba moja?

"Amewahi kuzidiwa hivi?" aliuliza, akitafuta mshipa.

"Aah, mara tano! Mara tano nimemwona anakata roho, nimeshachukua na koleo nikamchimbie kaburi. Mavis anamwahisha kwa dada yake kule Whitby, anakaa siku mbili tatu, anavuta hewa ya bahari. Akirudi hapo, anaruka huyo! Ananing'ata vidole utafikiri hanijui. Si ndiyo, mke wangu?"

"Ndiyo, Cliff."

"Hewa ya bahari na maziwa. Kaandike hayo kwenye vitabu vyako."

Rukhsana alisema Lulu atabaki pale kliniki, awekewe dripu. Mzee aliinama akambusu mnyama kwenye paji la uso, na aliponyanyuka kidevu kilikuwa kinamtetemeka. "Mwangalie vizuri, binti. Sina mwingine." Rukhsana akamhurumia, kisha akajikasirikia kwa kumhurumia.

Ijumaa saa nne asubuhi, dripu ingali mguuni, Lulu alikufa.

Rukhsana alimfunika kwa taulo, akalia kidogo, maana alikuwa amempenda kiumbe yule mbishi. Halafu, kwa aibu, akahisi ahueni. Bila fereti hakuna kikombe, na bila kikombe hakuna hotuba. Na mara hii angemwambia mzee bila kumung'unya maneno: wewe na bakuli lako mmemuua. Akapiga simu. Ikapokelewa na Bi Mavis.

"Bi Mavis, pole sana. Lulu ametutoka. Naweza kuongea na mzee?"

"Yuko bustanini. Ngoja nifunge mlango." Mlango ulisikika ukifungwa. "Umeshamwambia mtu?"

"Bado. Nilitaka kumwambia mwenyewe."

"Usithubutu. Akikuuliza, mwambie nimempitia Lulu, nimempeleka baharini. Kesho kabla ya maonyesho atakuwa amerudi."

Rukhsana aliitazama taulo mezani. "Bi Mavis, Lulu amekufa. Ninaye hapa."

"Nimekusikia, mwanangu. Dada yangu Whitby ana kituo cha fereti waliotupwa, na nimeshaongea naye jana usiku. Anao majike weupe wawili, mmoja mnono, mmoja kakonda mifupa mitupu."

Rukhsana alivuta kiti akakaa. "Huyu alikuwa wa ngapi?"

"Wa sita. Nimemwambia anipe aliyekonda," alisema Bi Mavis. "Yule wa tatu alikuja mnono, mkate hataki hata kuuona, anakula nyama tu na ana afya tele, na Cliff wangu hakulala wiki nzima, akiniuliza kama baba yake alikosea."