Karanga za Kindi

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanasoma, Bi Kobe ndiye aliyetunza maktaba yao. Kisha Nguchiro, mwenye haraka ya faida, akaligeuza jengo kuwa vibanda vya wachuuzi.

"Vitabu havijazi tumbo, Bi Kobe," alisema. "Tutachana kurasa, tufungie karanga."

Bi Kobe alikaa mlangoni kama anayeota macho wazi, akitazama hadithi zikimpita ukurasa mmoja mmoja, zimeviringishwa, zikinukia karanga za moto.

Siku ya tatu Swala akarudi mbio kwa Kindi, muuza karanga. "Nifungie kwa ukurasa unaofuata! Bibi harusi nimemwacha katikati ya mto."

Komba naye alitafuta mwanzo. Ngiri alikuwa na mwisho, na hakutaka kumwonyesha mtu. Foleni ikazunguka jengo zima. Wateja walichukua karatasi, karanga wakaziacha mezani.

Ndipo Nguchiro akamjia Bi Kobe, sauti chini. "Shikamoo, mama. Tusaidie. Ukurasa upi unafuata upi?"

Bi Kobe akainuka polepole, akakirudisha kiti chake mahali pake pa zamani.

"Marahaba, mwanangu. Kwanza kanawe. Humu vitabu havishikwi kwa mikono ya mafuta."