Fisi wa Ndani ya Kioo

"Milioni mia nne kwa mchezo wa video? Kinyonga, una wazimu!" Fisi alifoka.

"Bosi, ule wa kwanza nilikuchorea kwa milioni kumi. Huu ukataka kila unywele utikisike, na fisi wa humo awe wewe kabisa, mpaka tabia. Nimechora miaka mitatu."

"Mchezo nimeshaupata. Sikulipi, nenda popote."

Kwenye kioo cha kompyuta, yule fisi wa kuchorwa alikuwa ameacha kukimbia. Aligeuka, akamtazama Fisi machoni. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, kwa upande wa ndani.

"Huyo umlipe usimlipe, shauri lako," akasema kwa sauti ya Fisi mwenyewe. "Mimi si Kinyonga, sikopeshi. Nimekimbia humu kwa ajili yako miaka mitatu. Lete changu."