Marufuku Kumsifu Soren

Hoyt Brasfield alikuwa amevaa kofia ya Dunmore, chuo cha mahasimu wetu. Hapa Pell Creek, Alabama, mwanamume yu radhi aonekane na gauni la mkewe kuliko kuonekana na kofia hiyo, lakini sheria ni sheria. Asubuhi ile, mkahawani kwa Verlene, Hoyt alijisahau akasema kwa sauti kwamba Soren Haugen ana mkono wa dhahabu.

"Utaivaa mpaka umalize mayai," alisema Wendell Tuttle, aliyeitunga sheria. "Na usiigeuze nyuma. Jina lionekane."

Sheria ilikuwa moja tu: marufuku kumsifu Soren mpaka dirisha la usajili lifungwe. Kijana huyo alitua Januari kutoka Minnesota kuja kuchezea chuo chetu mpira wa Kimarekani. Yeye ndiye mrushaji, yule anayepokea mpira na kuamua shambulizi liende wapi. Kwa miaka tisa safu yetu ya mashambulizi ilikuwa ikijivuta kama ng'ombe anayepelekwa josho. Wiki mbili za mazoezi ya Aprili, na Soren alikuwa ameifanya iruke. Mazoezi ni ya siri, uzio wote umefunikwa maturubai, lakini Shemasi Purvis ana funguo za mnara wa kanisa, na kila alasiri alikuwa akipanda kukagua kengele, darubini shingoni.

Tatizo ni kwamba siku hizi, dirisha likiwa wazi, mchezaji yeyote anahama chuo akishawishiwa vizuri. Dunmore, ng'ambo ya mpaka wa Georgia, walikwisha kutunyang'anya wawili. Wakipata habari za Soren, kwisha kazi. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa unamsema vibaya kijana ambaye ulimpenda kuliko watoto wake wa kuzaa. Kila siku saa nne watu walipiga simu redioni kumponda. Tulijiona wajanja kupita kiasi.

Hoyt alikuwa amebakiza yai moja wakati gari safi mno, lenye namba za Georgia, lilipoegeshwa nje. Akaingia mwanamume wa miaka hamsini hivi, akaketi kaunta, akaagiza kahawa na kipande cha pai ya njugu za pekani. Verlene alipoingia jikoni, yule mgeni akageuka.

"Samahani, wazee. Timu ya chuo mnaifuatilia?"

Wendell akamkanyaga Hoyt mguu chini ya meza.

"Kidogo kidogo," akasema Wendell. Mwongo yule. Mbwa wake wote watatu wamepewa majina ya makocha.

"Huyu mrushaji mpya, Haugen. Mnamwonaje?"

"Tunamwona sana, ndiyo shida. Anarusha mpira kama bibi anayemwaga maji ya vyombo."

"Na uvivu," akadakia Hoyt. "Mvivu huyo hata kivuli chake kinamtangulia kuondoka."

Mgeni akamtazama Hoyt kichwani. "Wewe ni mtu wa Dunmore?"

"Hapana, bwana. Hii ni adhabu."

"Ya nini?"

Hoyt akamtazama Wendell. Wendell akaona ukweli kidogo hautadhuru. "Alimtetea yule kijana," akasema. "Hapa hatulei tabia hiyo."

Mgeni akakoroga kahawa ambayo hakuwa ametia sukari.

"Lakini hata akicheza vibaya," akasema, "kama mtu tu, watu hawampendi?"

Hapo Wendell akamgeukia Shemasi Purvis, aliyeketi nao mezani, maana neno la shemasi lina uzito. Mzee wa watu alikuwa hajasema uongo tangu alipooa. Akautazama ukuta.

"Tunamvumilia, ndugu yangu. Jumapili anakaa benchi la nyuma peke yake, hakuna anayemsogelea. Juzi tulifanya maombi maalumu, kanisa zima, Mungu amrudishe kwao kwenye barafu." Kisha akainamia kikombe chake, akanong'ona kitu ambacho nadhani kilikuwa toba.

"Kwa hiyo ya redioni ni kweli," mgeni akasema polepole. "Nilidhani yametiwa chumvi."

"Redioni tunajizuia," akasema Wendell. "Watoto wanasikiliza."

Mgeni akaenda dirisha la jikoni, akazungumza na Verlene maneno machache, akalipa, akapokea boksi. Akarudi kuwapa mkono wote watatu, na mkono wa Hoyt akaushika kwa muda mrefu kuliko wa wengine.

"Asanteni kwa kuniambia ukweli. Ningezunguka mji mzima bila kuupata."

Gari lilipoondoka, Wendell alivua kofia ya Dunmore kichwani mwa Hoyt kwa mkono wake mwenyewe, akampa msamaha kamili.

"Umeuona uso wake? Huyo anakwenda kumwambia kocha wake kwamba Haugen ni mzoga. Hawarudi hapa tena."

"Lafudhi yake lakini si ya Georgia," akasema Hoyt.

"Dunmore siku hizi wanaajiri hata watu wa kaskazini. Shemasi, ile ya maombi umeitoa wapi? Imemmaliza kabisa."

Shemasi akasema hajui, imekuja yenyewe, na kwamba leo anapanda mnarani mapema, maana kijana atakuwa anajaribu mirusho mirefu. Wakagonganisha vikombe, furaha tele, wazee wazima.

Verlene akatoka na birika, akawajazia kahawa.

"Mmemfanya nini yule bwana, ametoka na macho mekundu?" akauliza. "Amechukua pai nzima. Ndege yao ni saa kumi, Atlanta, huko alikokodi gari, na anasema pai ndiyo kitu pekee cha Pell Creek ambacho Soren wake ameomba warudi nacho nyumbani."